Injini Inapopoteza Nguvu: Ndege za Kunyunyizia Dawa na Kutua kwa Dharura

Walimu wasaidizi, tafadhali ongezeni sauti ya redio kidogo ili hata wazee walioketi nyuma wasikie. Wenye daftari wafungue ukurasa mpya. Juu yake waandike maneno haya mawili: INJINI na DHARURA.

Sisi wa Kipawa tumezizoea ndege. Kiwanja kikubwa cha Dar es Salaam ki jirani yetu, na kila siku twaziona zikipita juu ya mapaa zikiwa zimeshusha magurudumu. Wapo wenzetu waliohamishwa nyumba zao kupisha upanuzi wa kiwanja hicho. Lakini ndege nitakayoieleza leo si hiyo ya abiria. Ni ndege ndogo ya kazi, yenye kiti cha rubani na tangi la dawa. Inafanya kazi bara, mashambani na mbugani, kupigana na nzige na kweleakwelea.

Huenda mtu akauliza, "Mambo hayo yanihusu nini mimi ninayekaa mjini?" Yanakuhusu. Wengi wetu tuna ndugu wanaolima mpunga Mbarali, mtama Dodoma, au alizeti Singida. Chakula tunachonunua sokoni hutoka huko. Na ndege hiyo ikianguka, hatakayefika kwanza si askari wala daktari. Atakayefika kwanza ni mkulima aliye karibu, na huenda akawa kaka yako au mama yako mdogo. Akijua la kufanya ataokoa maisha ya mtu. Asipojua, aweza kupoteza hata maisha yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

KAZI YA NDEGE HIZI

Kazi ya kumwaga dawa kwa ndege ilianza Marekani, katika jimbo la Ohio, mwezi wa Agosti 1921. Rubani mmoja alipita juu ya shamba la miti na kumwaga unga wa sumu ili kuwaua viwavi waliokuwa wakila majani. Tangu hapo kazi hiyo ilienea duniani kote.

Hapa kwetu, baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti waliokuwa Arusha walijaribu kunyunyizia dawa ya mbung'o kwa ndege. Ndege zilitumika pia kupigana na nzige wekundu, ambao huzaana katika bonde la Ziwa Rukwa, katika mbuga za Wembere na katika bonde la mto Malagarasi. Mwaka 1962 nchi za Afrika Mashariki ziliunda shirika la pamoja la kupigana na nzige wa jangwani, na shirika hilo hutumia ndege kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 dawa iliyotengenezwa kwa ukungu unaoua nzige ilimwagwa kwa ndege huko Katavi, Rukwa na Malagarasi. Na mwanzoni mwa mwaka 2021, makundi ya nzige wa jangwani yalipoingia kaskazini mwa nchi yetu, ndege ilitumwa tena, mojawapo ya mahali hapo ikiwa ni Simanjiro.

Sasa fikirini habari za kweleakwelea. Ndege huyu ni mdogo sana, uzito wake ni kama gramu 20. Kwa siku moja hula nafaka ya kama gramu 10. Hesabu yake ni hii. Ndege 1,000,000, kila mmoja akila gramu 10, watakula gramu 10,000,000. Hizo ni kilo 10,000, yaani gunia 100 za kilo 100 kila gunia. Gunia 100 kwa siku moja! Ndiyo maana mkulima wa mtama hushangilia aisikiapo ndege ya dawa ikinguruma.

KWA NINI NI KAZI YA HATARI

Ndege ya abiria huruka juu sana, maelfu ya mita. Injini ikiharibika, rubani ana nafasi ya kufikiri, ya kuita msaada kwa redio na ya kuchagua pa kutua. Ndege ya dawa hairuki hivyo. Inapomwagia shamba hupita mita tatu, nne au tano tu juu ya mimea. Ikipita juu zaidi, upepo huichukua dawa na kuipeleka kwenye shamba la jirani, kisimani au mtoni.

Mwendo wake nao ni mkubwa. Tuchukue mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 55 kwa sekunde moja. Uwanja wa mpira wa miguu una urefu wa kama mita 100, basi ndege hii huumaliza kwa muda usiotimia sekunde mbili. Tamka "moja, mbili," na uwanja umekwisha.

Tena kazi hufanywa asubuhi mapema au jioni, upepo unapotulia. Kweleakwelea hunyunyiziwa jioni wanaporudi kulala mitini au katika matete. Wakati huo mwanga unafifia na anga imejaa ndege. Rubani hutazama mimea, miti, nyaya za umeme, makundi ya ndege na saa za injini, yote kwa wakati mmoja. Injini ikipoteza nguvu katika hali hiyo, ana sekunde chache tu za kuamua.

INJINI HUPATAJE NGUVU?

Ndugu, injini ya ndege ndogo hufanana na injini ya gari. Yahitaji vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche ya moto. Hewa na petroli huchanganywa katika kabureta. Mchanganyiko huingia katika silinda. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka kwa ghafula, pistoni husukumwa na propela huzunguka. Propela ni lile panga lililo mbele ya ndege. Huvuta hewa na kuisukuma nyuma, na ndege huenda mbele.

Shikeni hayo matatu: hewa, mafuta, cheche. Kimoja kikikosekana, nguvu hupungua au hukoma kabisa. Tuyatazame moja moja.

Kwanza, hewa. Injini hupumua kama mtu. Viwanja vya bara vina vumbi, na vumbi likijaa katika chujio la hewa injini hukosa pumzi. Zaidi ya hayo, hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi pia. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo pekee, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu iliyo nayo hapa pwani. Ukiongeza jua kali la mchana, nguvu hupungua zaidi. Injini ni nzima, haina ubovu wowote, lakini nguvu haitoshi. Rubani akipakia dawa kwa kipimo cha pwani, ndege yaweza kukimbia mpaka mwisho wa kiwanja bila kuinuka.

Pili, mafuta. Hapa ndipo matatizo mengi huanzia. Mafuta yaweza kuisha kwa sababu rubani ametua na kuruka mara nyingi, amechoka, naye amesahau kupima. Mafuta yaweza kuwa na uchafu. Mafuta yaweza kuwa na maji. Tena yaweza kuwa si mafuta yanayofaa. Injini ya pistoni hutumia petroli ya ndege, na iliyo ya kawaida hutiwa rangi ya buluu ili itambulike. Injini nyingine, ziitwazo tabo, hutumia mafuta yanayofanana na mafuta ya taa. Mtu akikosea na kutia mafuta ya tabo katika injini ya pistoni, injini yaweza kuwaka vizuri mwanzoni, kwa sababu petroli safi imebaki katika mabomba. Ndege huruka. Baada ya dakika chache mafuta mabaya hufika, injini hugonga, hupata moto kupita kiasi na kufa. Kwa hiyo anayejaza mafuta sharti ajue kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye pipa na kwenye kifuniko cha tangi. Kusoma si pambo, ndugu zangu. Mahali pale, neno moja lililosomwa vibaya laweza kumwua mtu.

Habari ya maji yafaa ijaribiwe darasani. Chukueni chupa ya kioo. Tieni mafuta ya taa kidogo, kisha tieni maji kidogo. Fanyeni hivyo mbali na moto na sigara. Tikiseni, mwiache itulie. Mtaona maji yamekaa chini na mafuta yamekaa juu, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta. Ndivyo ilivyo katika tangi la ndege. Usiku hewa hupoa, umande huingia katika tangi lisilojaa, maji hushuka chini. Na bomba linalopeleka mafuta katika injini huanzia huko huko chini. Ndiyo sababu kila asubuhi rubani mwangalifu hufungua kibomba kilicho chini ya tangi, akakinga mafuta kidogo katika kikombe cha kioo na kuyatazama kwenye mwanga. Akiona matone ya maji huyamwaga, hukinga tena, mpaka yatoke safi. Kazi hiyo ni ya dakika moja tu.

Lipo jambo jingine la ajabu: barafu. Mtasema, "Barafu katika nchi yetu ya joto?" Naam. Mkumbuke siku mlipodungwa sindano. Mwuguzi alipaka spiriti mkononi, nanyi mkasikia baridi. Spiriti ilipokuwa ikikauka ilichukua joto la ngozi. Petroli nayo inapogeuka kuwa mvuke ndani ya kabureta huchukua joto la hewa, na joto laweza kushuka kwa digrii 20 na zaidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama hewa yetu ya pwani, unyevu ule huganda ndani ya kabureta na kuziba njia. Injini hupoteza nguvu pole pole, hukohoa, kisha hunyamaza. Dawa yake ni kuvuta mkono unaoleta hewa ya moto kutoka kwenye mabomba ya moshi. Lakini hewa hiyo huhitaji muda kidogo kuyeyusha barafu, na rubani aliye mita nne juu ya mpunga hana muda huo. Basi hana budi kulikumbuka jambo hili mapema.

Tatu, cheche. Plagi zikijaa masizi au mafuta, hazitoi cheche nzuri. Ndiyo maana injini ya pistoni ya ndege huwa na plagi mbili katika kila silinda, na mitambo miwili ya kuleta umeme. Mmoja ukifa, wa pili huendelea. Kabla ya kuruka rubani huzima mmoja na kusikiliza, kisha huzima wa pili na kusikiliza. Injini ikitetemeka, haruki.

Siku hizi ndege nyingi kubwa za dawa zina injini ya tabo. Hiyo haina pistoni wala kabureta. Moto huwaka humo mfululizo, na hewa ya moto huzungusha gurudumu lenye mapanga madogo mengi. Ni injini imara, lakini nayo yaweza kudhuriwa na mafuta machafu, na mchanga, na ndege wanaoingia katika mdomo wake.

RUBANI AFANYE NINI?

Sasa tuseme injini imepoteza nguvu. Ndege iko chini, tangi lina dawa. Rubani hufundishwa hatua, naye huzirudia mpaka mikono yake izijue hata kabla ya akili.

Hatua ya kwanza: aendelee kuirusha ndege. Injini ikinyamaza, ndege haianguki kama jiwe. Mabawa bado yanabebwa na hewa maadamu mwendo upo. Mwendo ni akiba, kama fedha mfukoni. Rubani huinua pua ya ndege kidogo na kununua mita kadhaa za kimo kwa mwendo alio nao. Kisha hushusha pua tena ili abaki na mwendo wa kutosha wa kuserereka. Akiendelea kuinua pua huku mwendo unaisha, mabawa hupoteza nguvu ya kubeba, na hapo ndege huanguka kweli.

Hatua ya pili: amwage dawa. Ndege ya dawa ina mkono maalumu. Ukivutwa, mlango wa chini ya tangi hufunguka na dawa hutoka kwa sekunde chache. Tangi la litre 1,500 likijaa dawa iliyochanganywa na maji, uzito wake ni kama kilo 1,500. Hizo ni gunia 15 za mahindi! Fikirini gari la mizigo linaloteremka mlima likiweza kutupa gunia 15 mara moja. Ndege iliyopunguziwa uzito huserereka mbali zaidi, na yaweza kutua kwa mwendo mdogo zaidi.

Hapa pana jambo gumu, nami sitaki kulificha. Dawa ile ni sumu. Ikimwagwa mahali pamoja huunguza mimea, na yaweza kufika kwenye maji. Mkulima atauliza, "Mbona ameniharibia shamba?" Haki yake kuuliza, na yafaa hasara hiyo itazamwe na wakuu wa kazi. Lakini rubani ana sekunde tatu. Akisita kwa kuhurumia shamba, huenda akafa yeye, na dawa ile ile ikamwagika hapo hapo pamoja na petroli na moto. Kwa hiyo sheria ya kazi ni moja: maisha kwanza. Jambo la busara ni kupanga kabla ya kuruka njia isiyopita juu ya visima, nyumba na mito wakati tangi limejaa.

Hatua ya tatu: atue mbele. Asigeuke kurudi kiwanjani. Moyo wa binadamu hutamani kurudi anakokujua, na marubani wengi duniani wamekufa kwa tamaa hiyo. Mnapokuwa katika basi linalokata kona kwa kasi, hujisikia mmesukumwa upande na miili imekuwa mizito. Ndege nayo ikilala upande ili igeuke, mabawa hubebeshwa mzigo zaidi. Ikilala digrii 60, mabawa hubeba mara mbili ya uzito wake. Mzigo umezidi, mwendo unapungua, na ardhi i karibu. Basi rubani atafute mahali mbele yake, kushoto kidogo au kulia kidogo, basi.

Tarehe 15 Januari 2009 huko New York, Marekani, ndege kubwa ya abiria iliingia katika kundi la mabata bukini mara baada ya kuruka, na injini zake zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani aliona kwamba hataweza kurudi kiwanjani. Aliiteremsha ndege juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 waliokuwamo waliokoka. Hakuchagua mahali pazuri, kwa maana hapakuwapo. Alichagua mahali panapofikika.

Hatua ya nne: atue kwa mwendo mdogo, ndege ikiwa sawa. Nguvu ya kugonga haiongezeki kama mwendo unavyoongezeka. Huongezeka kwa mwendo mara mwendo. Tufanye hesabu: 100 mara 100 ni 10,000. Na 140 mara 140 ni 19,600. Maana yake, ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 140 kwa saa hugonga kwa nguvu karibu mara mbili ya ile inayogusa kwa 100. Kwa hiyo rubani hushusha vibawa vya kupunguza mwendo, hutua akielekea upepo unakotoka kama aweza, na huacha mimea, vichaka na hata mabawa yenyewe yapunguze mwendo. Ndege hununuliwa tena. Majani mabichi na mahindi mateke ni mto laini. Mti mkubwa, korongo na ukuta ni adui. Shamba la mpunga lenye tope nalo ni la hadhari, kwa sababu tope hushika magurudumu na ndege yaweza kupinduka.

Hatua ya tano, kama wakati upo: afunge bomba la mafuta, azime umeme, na afungue kitasa cha mlango kabla ya kugusa ardhi. Kwa nini mlango? Kwa sababu ndege ikijikunja, mlango hukwama.

MFANO KUTOKA UGANDA

Jambo hilo lilionekana Uganda mwaka 1954. Tarehe 23 Januari mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuwa katika ndege ndogo karibu na maporomoko ya Murchison. Hii haikuwa ndege ya dawa, lakini iliruka chini kama ndege za dawa. Ilipokuwa ikikwepa kundi la ndege iligonga waya wa simu wa zamani ulioachwa. Rubani aliiteremsha vichakani, na watu wote watatu wakatoka hai. Kesho yake walipanda ndege nyingine huko Butiaba ili wapelekwe hospitali. Ndege hiyo ilishika moto ilipojaribu kuruka. Mlango ulikwama, na Hemingway akausukuma kwa kichwa mpaka ukafunguka. Aliumia vibaya, lakini aliokoka. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kwamba amekufa.

Tupate mafunzo matatu hapo. Ndege warukao ni hatari. Waya usioonekana ni hatari kuliko mti unaoonekana. Na mlango uliokwama waweza kuua mtu aliyekwisha kuokoka katika kuanguka.

Wahandisi wamejifunza katika ajali za namna hii. Mwaka 1950 mhandisi Fred Weick wa Texas alitengeneza ndege iliyobuniwa tangu mwanzo kwa kazi ya dawa. Rubani aliketi juu, nyuma ya tangi, ili aone mbele vizuri na ili sehemu ya mbele ivunjike kabla nguvu haijamfikia. Ndege nyingi za dawa zilizofuata zimefuata mpango huo. Rubani hufunga mikanda ya mabega na kuvaa kofia ngumu. Ndege nyingi zina visu vya kukata nyaya mbele ya kioo na kwenye miguu ya magurudumu.

MKULIMA AFANYE NINI?

Sasa sikilizeni kwa makini, maana sehemu hii ndiyo yetu sisi.

Kabla ya kazi. Afisa kilimo akisema ndege inakuja, mwambieni mambo ya mahali penu ambayo rubani hawezi kuyajua: waya mpya wa umeme, mnara, mti mkavu ulio peke yake, shimo lililochimbwa. Vijiji vingi vimepata umeme miaka ya karibuni, na ramani ya zamani haionyeshi nyaya hizo. Waondoeni watoto na mifugo. Funikeni visima na mitungi. Pelekeni mizinga ya nyuki mbali.

Ndege ikianguka. Msikimbilie wote kwa pamoja. Wapelekeni watoto mbali. Njooni kutoka upande upepo unakotoka, ili mvuke wa dawa usiwajie usoni. Msiwashe sigara, kiberiti wala koroboi. Msiguse propela hata kama imesimama. Mmoja apige simu: polisi ni 112, zimamoto ni 114. Aseme mahali, aseme ni ndege ya dawa.

Kama hakuna moto wala sumu iliyomrukia rubani, na yeye anapumua, msimvute ovyo, kwa maana mgongo wake huenda umevunjika. Mtulizeni mpaka wasaidizi wafike. Kama kuna moto, au amelowa dawa, mwondoeni upesi. Aliyelowa dawa avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, nywele pia. Anayemwosha avae glavu au mifuko ya nailoni mikononi, asije naye akadhurika. Dalili za sumu ya kuulia kweleakwelea ni jasho jingi, mate mengi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kutetemeka na kushindwa kupumua. Maziwa hayaondoi sumu hiyo. Msipoteze wakati kwa kumnywesha. Mpelekeni hospitali, na mumweleze daktari jina la dawa lililoandikwa kwenye chombo. Dawa ya kupinga sumu hiyo ipo, na huhitaji kutolewa mapema.

Msichukue petroli iliyomwagika. Msichukue madumu ya dawa kwa kuwekea maji au mafuta ya kula. Msiokote vipande vya ndege, kwa sababu wachunguzi huvihitaji ili wajue chanzo cha ajali. Kipande kidogo cha bomba chaweza kuonyesha kwamba mafuta yalikuwa na maji, na habari hiyo ikamwokoa rubani mwingine kesho.

Na tena, msile kweleakwelea waliokufa kwa dawa. Najua nyama yake ni tamu, na wenzetu wa Kondoa wana ufundi wa siku nyingi wa kuwatega na kuwala. Aliyetegwa kwa wavu ni chakula. Aliyeokotwa chini ya miti iliyonyunyiziwa ni sumu. Kumpika hakuondoi sumu hiyo.

Mnakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na kiwanja cha Bukoba. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Katika watu 43, walifariki 19 na wakaokoka 24. Wavuvi wale hawakuwa na chombo cha kisasa, ila walikuwa karibu na walikuwa na moyo. Tukiongeza maarifa juu ya moyo huo, watakaookoka watakuwa wengi zaidi.

Haya, sasa zimeni redio, mjadili maswali pamoja na mwalimu wenu. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kusoma maandishi ya hatari yaliyo kwenye vyombo vya dawa. Kila mmoja aje na karatasi moja aliyobandua kwenye chupa au kopo tupu la dawa ya mbu au ya mende iliyotumika nyumbani, baada ya kuliosha. Kwaherini.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

Kabureta: chombo cha kuchanganya hewa na petroli.
Plagi: kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda.
Propela: panga la ndege linalozunguka na kuvuta hewa.
Tabo: injini inayozungushwa na hewa ya moto, isiyo na pistoni.
Kuserereka: kwenda mbele na kushuka pole pole bila nguvu ya injini.
Dharura: jambo la ghafula linalotaka kutendwa mara moja.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Injini ya petroli yahitaji vitu gani vitatu? Taja ubaya mmoja unaoweza kupata kila kimoja.
2. Kwa nini maji hukaa chini ya mafuta katika tangi? Onyesha kwa chupa.
3. Kweleakwelea 500,000 watakula gunia ngapi za kilo 100 kwa siku 3?
4. Rubani alimwaga dawa juu ya shamba la mtu ili aokoke. Mwenye shamba atendewe nini? Jadilini, kila mtu atoe sababu zake.
5. Mwandikie barua fupi ndugu yako aliye shambani. Mweleze mambo matano ya kufanya ndege ya dawa ikianguka karibu naye.